Mwongozo wa Katibu Mpya: Namna ya Kuandika Habari za Klabu Bila Kutoa Habari

Waswahili husema asiyekuwepo na lake halipo. Kwenye klabu za huduma mambo ni kinyume: asiyekuwepo ndiye huchaguliwa katibu. Basi pokea hongera. Siku ulipokwenda kumwona shangazi yako Mambrui, wenzako walikaa hotelini Malindi kama kawaida, wakala, wakacheka, na kwa kauli moja wakakukabidhi jarida la wiki. Ni ukurasa mmoja, miwili ukijitahidi, unaotumwa kwa wanachama kabla ya kikao kijacho ukieleza nani alifika, nani kaoa, nani kasafiri, na klabu imeifanyia nini jamii.

Usiogope, kazi hii ina mila yake. Rotary ilianzishwa Chicago na wakili Paul Harris na wenzake watatu tarehe 23 Februari 1905. Lions wakafuata katika mji huohuo mwaka 1917. Nairobi ilipata klabu yake ya Rotary mwaka 1930, Mombasa mwaka 1944, na desturi ya kula mchana huku mkipanga namna ya kuwasaidia wenye njaa ikaenea mpaka huku kwetu Kilifi na Malindi. Kwa miaka yote hiyo makatibu wamegundua kwamba jarida zuri ni lile linalomfurahisha kila mwanachama na halimsumbui hata mmoja. Fuata hatua zifuatazo nawe utadumu.

Hatua ya 1: Anza na kengele

Kikao hufunguliwa kwa kengele, na kengele hugongwa na rais wa klabu. Tangazo lilisema saa sita na nusu. Saa sita na nusu waliopo ni wewe, mweka hazina na paka wa hoteli. Kengele italia saa saba na robo. Usiandike hivyo. Andika: “Kikao kilifunguliwa rasmi na Rais.” Neno “rasmi” lina faida kubwa, kwani likishatajwa hakuna anayeuliza saa.

Kisha mahudhurio. Ikiwa wanachama ni thelathini na waliofika ni kumi na mmoja, andika kwamba mahudhurio yaliridhisha. Wageni nao wahesabu, pamoja na shemeji aliyekuja kuchukua ufunguo wa gari akaonekana na njaa.

Udhuru upange kwa heshima. Zamani mtu wa Kilifi alikuwa na udhuru usiopingika: kivuko. Daraja lilipofunguliwa mwaka 1991 udhuru huo ukafa, na watu wakahamia kwenye foleni ya Mtwapa, ambayo mpaka leo haijamwangusha mtu. Hata mwanachama anayeishi Shela, dakika chache kwa tuktuk kutoka hotelini, anaruhusiwa kukwama Mtwapa.

Aliyekosa kikao chenu anaweza kufidia kwa kuhudhuria klabu nyingine popote duniani na kurudi na kibendera chake. Habari za vibendera ziandike kwa kirefu. Msimu wa kaskazi, wageni kutoka Italia wanapojaa Malindi, mtabadilishana vibendera kila wiki na kupigana picha navyo. Masika yakiingia, hoteli zikafungwa milango na ninyi mkahamia ukumbi usio na feni, andika tu kwamba kikao kilifanyika katika mazingira tulivu.

Hatua ya 2: Taja chakula mapema

Msomaji wa jarida la klabu ni mtu aliyekula chakula hicho au mtu aliyekikosa. Wote wawili wanataka kusikia. Kama palikuwa na kuku wa kupaka, sema. Kama hoteli ilileta wali mweupe na mchuzi wa jana, sema kwamba klabu ilikirimiwa.

Hapa ndipo unapoweza kutoa takwimu bila hofu. Bei ya chakula kwa kichwa, nani hajalipa tangu mwezi uliopita, sambusa zilikuwa ngapi na zilikwishia meza gani. Hakuna mwanachama atakayelalamika kwamba umeingia mno katika undani. Undani wa sambusa unakubalika. Undani wa akaunti ya miradi uachie mkutano mkuu wa mwaka, na huko nako uwekwe baada ya chakula.

Hatua ya 3: Mgeni mzungumzaji asifiwe, asinukuliwe

Pwani hii haina uhaba wa watu wa kusikilizwa. Kilifi mjini kuna kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome kilichoanza mwaka 1989, na watoto wa kaunti hii ni miongoni mwa waliojaribiwa chanjo za malaria, RTS,S kwanza, kisha R21. Watamu kuna watu wanaokesha ufuoni kulinda mayai ya kasa. Ngomeni kuna San Marco, jukwaa la baharini ambako tarehe 12 Desemba 1970 ilirushwa setilaiti iliyobatizwa jina Uhuru, ya kwanza duniani kutengenezwa mahususi kwa kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani.

Ubaya wa wazungumzaji wa namna hii ni kwamba husema jambo. Mtafiti atasimama aeleze kwa nini chanjo ya malaria hutolewa dozi nne, na kwa nini mama anayeishi mbali na zahanati hufika na mtoto mara tatu halafu asirudi kwa ya nne. Ukiandika hayo, huenda mwanachama mwenye matatu akajiuliza kama gari zake haziwezi kuwasaidia akina mama hao. Umeshazua kazi. Andika kama walivyoandika waliokutangulia: “Mgeni wetu alitoa hotuba ya kusisimua iliyofuatwa na maswali mengi.” Halafu taja zawadi aliyopewa. Jina lake likosee herufi moja. Hilo ni la lazima.

Lipo onyo moja. Rotary ina kiongozi wake wa wilaya aitwaye gavana, anayezitembelea klabu mara moja kwa mwaka. Ukitangaza “Gavana anakuja” bila kufafanua, meneja wa hoteli atapaka rangi lango, askari watapanga foleni ya magari, na kijana wa barazani atakuja na barua ya kuomba kazi. Kisha atashuka mzee mmoja mpole kutoka kwenye tuktuk, na beji yake kifuani. Tangu kaunti zianze mwaka 2013, watu wetu wanajua gavana mmoja tu, naye hatembei peke yake.

Hatua ya 4: Habari za wanachama

Hapa ndipo jarida linaposomwa, basi tulia.

Chimbuko la habari hizi ni sajenti wa kikao, mwanachama mwenye ruhusa ya kuwatoza wenzake faini kwa kosa lolote atakalolibuni. Simu kulia ni faini. Kusahau beji ni faini. Kutokea gazetini bila kuiaga klabu ni faini kubwa. Kisha huja zamu ya furaha: mtu anasimama, anatoa noti, anatangaza jema lililomfika. Fedha zote huingia kwenye chungu cha hisani, na kicheko cha zamu hiyo ni cha kweli. Ni katika dakika hizo meneja wa benki na mwenye duka la vipuri hugundua kwamba watoto wao wanasoma darasa moja.

Wewe kazi yako ni kuelewa kinachosemwa. Akisema “Nina furaha kwa kuwa tumefungua tawi la pili”, hilo ni tangazo la biashara kwa bei nafuu kuliko redio. Akisema “Nimerudi salama kutoka Dubai”, anataka uulize alikwenda kufanya nini. Anayetoa noti kubwa kwa sababu timu ya Uingereza anayoishabikia imeshinda, anamtesa jirani yake wa meza, na jirani atalipa wiki ijayo.

Wapange hivi: harusi kwanza, kisha mjukuu, kisha mtoto aliyeingia chuo kikuu, kisha gari, kisha safari. Aliyepata beji ya Paul Harris, ambayo hutolewa pale dola 1,000 zinapochangwa kwa jina la mtu katika mfuko wa Rotary, apewe aya yake na picha yake. Aliyekwenda kimyakimya kila Jumamosi kuwafundisha vijana hesabu hana habari, kwa kuwa hakutoa noti wala hakusimama.

Wanawake nao usiwasahau. Rotary ilianza kuwapokea duniani kote mwaka 1989, na tangu hapo klabu nyingi zimewathamini sana, kiasi cha kuwachagua makatibu mwaka baada ya mwaka.

Kuna habari moja, lakini, ambayo mwongozo huu hauna mzaha nayo: msiba. Mwanachama akifiwa, jarida na kikundi cha WhatsApp hubadilika ghafla. Utaandika jina la marehemu bila kukosea herufi. Utaandika mahali: Takaungu, nyumba ya tatu baada ya msikiti. Utaandika saa: maziko ni baada ya swala ya alasiri. Kama ni matanga ya upande wa Kaloleni, utaeleza gari linaondokea wapi, kiti ni shilingi ngapi, mchango unatumwa namba gani ya M-Pesa, na jioni utaandika jumla iliyopatikana mpaka senti. Na watu watakuja. Waliokwama Mtwapa mwaka mzima watafika kabla ya wakati, watabeba viti, watakaa na wafiwa. Kumbuka jinsi ulivyoandika siku hiyo. Kisha, kwa ajili ya hatua zinazofuata, sahau.

Hatua ya 5: Picha itangulie mradi

Klabu ikikabidhi madawati matano kwa shule ya msingi, wapelekwe wanachama kumi na wanane. Wote wavae fulana zenye nembo. Wanafunzi wapangwe mbele wakiwa wamechuchumaa, mwalimu mkuu pembeni, madawati yasionekane. Hundi ya kadibodi iwe na urefu wa kumzidi mtoto anayeishika. Utepe ukatwe mara tatu, kwa kuwa mara ya kwanza rais alifumba macho na mara ya pili alikuwa akiongea.

Kambi ya macho ni nzuri zaidi kwa picha. Lions wamejishughulisha na macho tangu mwaka 1925, Helen Keller, mwanamke asiyeona wala kusikia, alipohutubia mkutano wao Ohio akawataka wawe watetezi wa wasioona. Mzee aliyetolewa mtoto wa jicho, akifunguliwa bandeji asubuhi na kumtazama mjukuu wake kwa mara ya kwanza, ni habari ambayo ingejaza jarida zima. Tahadhari: mzee huyo hana fulana yenu, na simulizi yake itachukua nafasi ya orodha ya viongozi waliohudhuria. Andika: “Wagonjwa wengi walinufaika.” Ni wangapi, na wangapi waliorudishwa kwa sababu dawa ziliisha saa nane, hayo ni mambo ya hospitali.

Hatua ya 6: Kibao kiwe kikubwa

Malindi haihitaji kufundishwa habari za vibao. Vasco da Gama alitia nanga hapa Aprili 1498, akiwa na njaa na hajui njia. Mfalme wa Malindi akampa vyakula na rubani wa kumvusha mpaka India. Mgeni kwa shukrani zake akaacha nguzo yenye msalaba wa jiwe. Nguzo ya Vasco da Gama ipo mpaka leo pale kwenye rasi, na watalii hulipa kuiona. Rubani hana hata kijiwe.

Tangu wakati ule mambo yamerekebishwa kidogo. Siku hizi anayeweka kibao ni yule aliyetoa. Kiandikwe jina la klabu, jina la rais, jina la rafiki wa klabu kutoka ng'ambo na tarehe. Kisiandikwe namba ya simu ya kupiga mradi ukiharibika, maana mtu anaweza kupiga. Wema hauozi, wahenga walisema, lakini kibao cha bati karibu na bahari hushika kutu, kwa hiyo wekeni marumaru.

Hatua ya 7: Usirudi

Hii ndiyo hatua kuu, na nyingine zote zilikuwa za kukuandaa kwayo.

Tuseme klabu ilichimba kisima katika kijiji fulani cha ndani ya Ganze, ikaweka pampu ya mkono aina ya Afridev. Pampu hii ni ya kwetu. Ilikomazwa jirani tu, Kwale, katika mradi wa visima wa miaka ya 1980, na waliofanya kazi hiyo walikuwa na shabaha moja: mwanakijiji aweze kuitengeneza mwenyewe. Hufunguliwa kwa spana moja. Pistoni hutolewa juu bila kung'oa bomba lililozama kisimani. Kinachochakaa mapema ni bushi za plastiki kwenye mpini na raba ya pistoni, kiduara kinachoenea kiganjani. Raba ikianza kulika, mpini unasukumwa mara kumi, ishirini, kabla tone halijatoka. Ikiisha kabisa, mpini unakuwa mwepesi mno mkononi, unapanda na kushuka, na ndoo inabaki kavu.

Katibu mmoja mjinga akaamua kurudi kijijini baada ya mwaka. Alikuta mbuzi wamefungwa kwenye mpini.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu.”

“Pampu yaendeleaje?”

“Ilikufa zamani. Fundi ataka raba, na hiyo raba hatujui yauzwa wapi.”

“Mbona hamkutwambia?”

“Tungemwambia nani? Mlikuja siku moja, mkala, mkaenda.”

“Kibaoni pale hamna namba?”

“Kibaoni mna majina, mwanangu. Namba hamna.”

“Na maji mwateka wapi?”

“Bwawani, na ng'ombe.”

Mazungumzo hayo utayaweka ukurasa gani? Yatamkera rais aliyekata utepe, yatamtia haya mfadhili wa ng'ambo, na yatamlazimu mtu kwenda kutafuta raba. Njia salama ni kutorudi. Asiyerudi anaweza kuandika, kwa moyo mweupe kabisa, kwamba kisima kile “kinaendelea kuihudumia jamii”. Akiulizwa, atasema alivyosikia siku ya uzinduzi. Na kijiji kikiomba msaada wa maji tena, ni baraka: mtachimba kisima cha pili, mita mia mbili kutoka cha kwanza, na kibao kipya.

Hatua ya 8: Kila tarehe 1 Julai, anza upya

Mwaka wa Rotary huanza tarehe 1 Julai. Rais mpya huvikwa mkufu, hupewa kengele, naye huja na ndoto zake. Aliyemtangulia alipanda mikoko Mida. Huyu anapenda vyoo vya shule. Atakayefuata ana shemeji anayeuza kompyuta. Wewe katibu usimkumbushe mtu mikoko. Toleo la Julai liwe na picha za hafla ya makabidhiano tu, na rais anayeondoka asifiwe kwa miradi yake yote bila kutajwa hata mmoja ulipofikia.

Hatua ya 9: Maswali manne yasomwe kwa sauti, basi

Mwaka 1932 mfanyabiashara wa Chicago, Herbert Taylor, alikuwa akiiokoa kampuni ya vyombo vya alumini isifilisike. Akaandika maswali manne mafupi ya kupimia kila neno na kila tendo, na mwaka 1943 Rotary ikayachukua yakawa yake. Klabu nyingi huyasoma kwa pamoja kikaoni. Yanauliza kama jambo ni kweli, kama ni la haki kwa wote, kama litajenga urafiki, na kama litawafaa wote wanaohusika. Yasomeni kwa nguvu, mkiwa mmesimama. Ila ukishaketi kuandika jarida, usiyaweke mezani. Swali la kwanza peke yake linatosha kufuta kurasa zote mbili.

Na sasa neno la mwisho, kwa katibu aliyefika hapa na bado anataka kazi.

Mwaka 1985 Rotary iliamua kuipiga vita polio. Tangu hapo imebadilisha marais kila mwaka, wa dunia na wa kila klabu, na kazi haikubadilika. Mwaka 1996 ugonjwa huo ulikuwa bado unapooza watoto wapatao 75,000 barani Afrika. Tarehe 25 Agosti 2020, Shirika la Afya Duniani lilitangaza kanda yake ya Afrika kuwa huru na virusi asilia vya polio. Serikali, wauguzi na mashirika mengine yalibeba sehemu kubwa ya mzigo, lakini wanaklabu walibaki muda wote huo kwa sababu walikuwa wakihesabu kitu kimoja kisichojali picha: ni watoto wangapi wamepooza mwaka huu. Idadi hiyo ililetwa kila mwaka, hata ilipokuwa ya aibu.

Klabu yako inaweza kufanya hivyo kwa pampu moja ya Ganze. Uwezo upo, tuliuona kwenye msiba, mahali, saa na shilingi zilipoandikwa sawasawa na watu wakafika. Basi kwenye jarida la wiki ijayo, chini ya harusi, wajukuu na sambusa, tenga mistari mitatu: mradi gani wa zamani umetembelewa wiki hii, unafanya kazi au haufanyi, na ni nani atapeleka raba, siku gani. Ikiwa hakuna uliotembelewa, andika kwamba hakuna. Faini ya kukosa kuandika hivyo, sajenti aipange kuwa kubwa kuliko zote.